Faili la Karatasi Mbele ya Runinga

Swali la wiki lilikuwa: "Je, walimu waruhusiwe kuwaonyesha wanafunzi filamu za watu wazima darasani?" Nalijibu, ila nianze na lalamiko. Kwa Kiswahili cha kila siku, ukitamka "filamu za watu wazima" mzazi anasikia kitu kimoja tu, na kitu hicho hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayekitetea. Kinachogombaniwa ni kingine: filamu ya vita yenye maiti barabarani, ya utumwa yenye viboko na damu, ya binti aliyebakwa akaenda kudai haki, ya kijana anayejidunga dawa za kulevya. Zimepewa alama za umri za 15, 16, 18 au R, na somo limo ndani yake. Tungeziita filamu zenye maudhui mazito, nusu ya kelele ingetulia.

Msimamo wangu naanza nao hivi: hapana. Kama wahakiki wameandika 16 na darasa ni la miaka 13, diski ibaki kwenye kasha lake.

Lakini tazama alama hizo zilivyotengenezwa. Za Marekani zilianza Novemba 1968, na aliyezianzisha ni tasnia ya filamu yenyewe. Si sheria ya nchi. R maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie sinema na mzazi au mlezi mtu mzima. Uingereza wana 12A tangu 2002: aliye chini ya miaka 12 aingie na mtu mzima. Alama za namna hii zinamdhania mtu mzima aliyeketi kando ya mtoto mmoja anayemfahamu, anayejua kwamba huyu alizika baba mwaka jana na yule bado analala taa ikiwaka. Darasani mtu mzima ni mmoja, watoto ni arobaini, na mara nyingi huyo mmoja yuko nyuma anasahihisha madaftari. Kwa hiyo swali ninalolijibu si la kuruhusu. Ni hili: nani aliitazama filamu hiyo kabla, na yuko wapi inapochezwa?

Kesi inayolijibu vizuri kuliko zote ni ya zamani. Ni Lincoln County, jimbo la Kentucky, Marekani, tarehe 31 Mei 1984. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka wa shule, siku isiyo na masomo, walimu wakamilishe kadi za alama. Wanafunzi wa madarasa ya 9 hadi 11, wenye miaka 14 hadi 17, walimwomba mwalimu wao awawekee filamu wakati yeye akijaza kadi. Walitaka ile ya mwaka 1982 iliyotokana na The Wall, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd. Mwalimu hakuwa ameiona. Akawauliza wao kama inafaa shuleni. Kijana wa miaka 15 aliyekwisha kuitazama akamjibu kwamba ina mahali pamoja pabaya.

Tusimame hapo. Ukaguzi wa filamu nzima umefanywa kwa sentensi moja, na mkaguzi ana miaka 15. Huyohuyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuziba pasipofaa, na chombo chake kilikuwa faili la karatasi la inchi 8.5 kwa 11. Runinga ilikuwa ya inchi 25. Nimeipiga hesabu hii mara kadhaa kwa sababu siachi kuistaajabia. Inchi 25 ni mshazari, kona hadi kona. Kwa runinga za wakati huo, za uwiano wa 4:3, ni upana wa inchi 20 na kimo cha 15, yaani inchi za mraba 300. Faili ni inchi za mraba 93.5. Hata ukilishika barabara bila kutikisika, zaidi ya theluthi mbili za kioo ziko wazi, na mshikaji lazima abahatishe picha itahamia upande gani. Baadaye ushahidi ulitofautiana kuhusu nani aliona nini: wapo waliosema hawakuona uchi wowote, yupo aliyesema aliona kidogo tu. Si ajabu. Waliokaa kushoto na waliokaa kulia hawakutazama filamu ileile.

Halafu kuna sauti, ambayo faili haliwezi kuifanya lolote. Lugha yake, ambayo peke yake ilitosha kuipa filamu R, ilisikika mwanzo hadi mwisho, na mwalimu alitoka chumbani zaidi ya mara moja wakati mkanda ukizunguka. Na ndani ya filamu hiyo mna wanafunzi wanaotumbukizwa kwenye mashine ya kusagia nyama. Ungeyatunga haya kama hadithi, mhariri angekurudishia aseme umezidisha chumvi.

Bodi ya elimu ya pale iliitazama filamu mara mbili, nzima na kisha kama ilivyozibwa darasani, yaani mara mbili zaidi ya mwalimu alivyoitazama kabla ya kuiweka. Mwalimu huyo alikuwa na miaka 14 kazini. Wakamfukuza kwa kura zote. Akaenda mahakamani, mahakama ya kwanza ya shirikisho ikampa haki, ile ya rufaa ikamnyang'anya mwaka 1987, majaji wenyewe hawakukubaliana kuhusu sababu, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Utetezi wake ulikuwa kwamba filamu ina ujumbe wa maana kwa jamii. Huenda ni kweli. Lakini alieleza pia kwamba hakuijadili na wanafunzi hata kidogo, kwa kukosa muda.

Hapo ndipo "hapana" yangu inapoanza kulegea, au tuseme inahama. Mwezi mmoja tu baada ya siku ile, tarehe 1 Julai 1984, Marekani waliongeza daraja la PG-13, linalowaonya wazazi kwamba filamu huenda haiwafai walio chini ya miaka 13. Alama imekuwa nyembamba zaidi, na makosa yamebaki yaleyale, maana ya Lincoln County hayakutoka kwenye herufi R. Yalitoka kwenye kipindi kitupu. Filamu iliwekwa isogeze muda, na filamu ya kusogeza muda huchaguliwa na watoto, haitazamwi kabla, wala haina mwenyewe.

Siku hizi faili limegeuka rimoti, na wengi wanadhani tatizo limekwisha. Halijakwisha. Mwalimu anaandika nyumbani kwamba dakika ya 60 aruke, halafu shuleni anatumia diski ya PAL, mfumo mwingine wa video. PAL huchezesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya saa mbili inaisha kwa kama dakika 115, na kile alichokiandika dakika ya 60 kinatokea dakika ya 57 na sekunde 36. Anafika amechelewa. Au amehakiki toleo la sinema, kumbe lililopo kwenye diski ni toleo refu la mwongozaji. Kitufe cha kuruka sekunde kumi kwenye intaneti nacho ni kiini macho: ukikibonyeza mara sita, kati ya mruko na mruko darasa linaona picha tano za kile ulichokuwa unakificha, tena zimekatwa vizuri kama tangazo. Anayezima sauti anasahau manukuu, na tusi linaandikwa kwa herufi nyeupe chini ya skrini. Anayemaliza filamu salama anageukia ubao, na nyuma yake tovuti inaanza kucheza nyingine yenyewe baada ya sekunde chache. Spika za projekta, nazo, darasa la pili la jirani wanazisikia bila kuona picha, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka saba linaweza kutisha zaidi.

Na urefu. Filamu ya dakika 110 kwenye vipindi vya dakika 40 hukatwa mara mbili, na kengele haijui maana. Kengele ikilia mtesaji bado ameshika chuma, watoto wanakwenda nacho nyumbani hadi keshokutwa. Aliyekuwa mgonjwa anaingia siku ya pili na kukuta damu bila sababu yake.

Anayetaka kuifanya kazi hii sawasawa ataitazama filamu yote mpaka majina ya mwisho, kwa mashine ileile na nakala ileile, spika zikiwa wazi. Kisha atajiuliza kama anahitaji filamu au dakika sita zake. Karibu kila mara ni dakika sita. Azikate mapema ziwe klipu inayojitegemea, asitegemee kidole chake kwenye rimoti. Katika kipindi cha dakika 40, dakika kumi za maandalizi, sita za klipu, zilizobaki za maongezi. Barua kwa wazazi iende angalau wiki moja kabla: jina la filamu, mwaka, daraja la umri, tukio gani hasa litaonekana (aandike "mtu anapigwa risasi, damu inaonekana", si "maudhui nyeti"), linahusu mada ipi ya mtaala, na kazi mbadala ni ipi. Mzazi asipojibu, ihesabiwe amekataa. Kazi mbadala iwe ya mada hiyohiyo, ifanyiwe maktaba au darasa lingine. Mtoto asisimamishwe nje ya mlango kama mkosaji huku akisikia kila kitu.

Najua pingamizi: mwalimu gani ana muda wa yote hayo? Wachache. Basi wachache ndio waonyeshe.

Kwa hiyo, kinyume na nilivyoanza: ndiyo, hata ya 16 kwa wa miaka 14, kama ni klipu, wazazi wameandikiwa, na aliyeikata amesimama mbele ya darasa taa zikiwa nusu, akitazama nyuso badala ya skrini. Sisemi hivyo kwa watoto wa msingi, na sisemi hivyo kwa ukatili wa kingono, ambao ningeuacha kwenye maandishi hata kwa wakubwa kidogo, kwani katika arobaini hujui yupi yamemkuta. Na filamu ya kujaza siku ya mwisho ya muhula ningeikataa hata ikiwa ya katuni na alama yake ni ya kila rika, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo hakuna aliyeitazama. Kama kadi za alama hazijakamilika, wapewe mpira watoke nje, na mwalimu mmoja aende nao.