Maswali ya Wasomaji: Zawadi za Mtandaoni na Wafuasi Wanaobaki

Barua tulizopokea safari hii kutoka kwa wafanyabiashara wadogo zinahusu jambo moja kwa sura tofauti, nalo ni namna ya kuukuza ukurasa wa biashara katika mitandao ya kijamii bila kupoteza fedha wala heshima. Tumechagua nne.

Shikamoo Mhariri. Ninauza viungo vya pilau na vya chai ninavyonunua kwa wakulima wa Amani, Muheza, na wateja wangu wengi ninawapata Instagram. Mwezi wa Shaabani niligawa simu janja kwa droo, masharti yakiwa ni kunifuata, kulaiki na kutagi marafiki watatu. Wafuasi waliruka kutoka 1,900 hadi zaidi ya 6,000. Baada ya droo wengi waliondoka, na waliobaki hawasemi neno. Posti iliyokuwa ikipata laiki 150 sasa haifiki 60, na Ramadhani nzima mauzo hayakupanda. Nimekosea wapi? – Muuza viungo, Tanga

Marahaba, dada yangu. Kosa halikuwa kutoa zawadi, bali zawadi yenyewe. Simu inatamaniwa na kila mtu, pamoja na kijana asiyejua kutofautisha iliki na karafuu na ambaye hana mpango wa kujua, kwa hiyo tangazo lako liliwavuta watu waliotaka simu na likawaleta kwa maelfu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wako hawakuwa na nia ya kushika jembe, na jina la mshindi lilipotangazwa walikuwa wameshamaliza lililowaleta.

Walioondoka hawakukudhuru sana. Waliobaki kimya ndio wenye madhara, na ili uelewe sababu, kumbuka jinsi mtandao huo unavyopanga posti. Hadi mwaka 2016 Instagram ilikuwa ikionyesha posti kwa kufuata muda zilipowekwa, na mwaka huo kampuni ilieleza kwamba kwa wastani mtu hukosa kuona asilimia 70 ya yale yaliyowekwa na anaowafuata, hivyo ikaanza kuyapanga kwa kukisia ni posti ipi mtu huyo ataijali. Makisio hayo hutokana na mambo kama vile uwezekano wa mtu kutua kwenye posti kwa sekunde kadhaa, kulaiki, kuandika maoni, kumtumia mwenzake, au kubonyeza jina la mwenye ukurasa. Mfuasi anayeipita posti yako ya bizari nzima bila kusimama anauambia mfumo kwamba viungo vyako havimhusu, na kesho hataoneshwa. Pale ambapo wengi wa wafuasi wako ni wa namna hiyo, posti inakosa msukumo wa mwanzo ambao ungeifikisha kwa wageni.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme simu uliinunua kwa Sh 300,000. Kwa fedha hiyo ungeandaa makapu 20 ya viungo yenye thamani ya Sh 15,000 kila moja, na kwa kuwa gharama yako ni bei ya kununulia wala si ya kuuzia, huenda ungefikisha makapu 25 au 30. Mwenye kulitamani kapu la iliki, mdalasini, pilipili manga na bizari ni mtu anayepika au anayeishi na anayepika, yaani mteja wako, na akishinda atapika, majirani watasikia harufu, naye ukimwomba kwa adabu atakupigia picha ya sufuria. Washindi 20 waliotawanyika Tanga, Dar es Salaam na Arusha ni mashahidi 20, ilhali mshindi wa simu, hata akikushukuru vipi, hawezi kusema neno lolote kuhusu pilau yako.

Badilisha na sharti la kutagi watatu, kwa sababu mtu hutagi majina yanayomjia kwanza, na wale watatu hawakuomba kuitwa. Badala yake uliza swali linalohitaji jibu la kweli, kwa mfano: «Katika chai ya futari, ni kiungo gani unachotia wewe ambacho jirani yako hatii?» Asiyepika ataona uvivu kujibu na atapita, nawe utakuwa umemchuja bila kumkataza. Wapikaji watabishana, kwani wa Unguja hatakubaliana na wa Lindi, na katika mabishano hayo utaokota mada za posti za mwezi mzima. Kama ungependa kufika mbali zaidi kwa gharama ileile, shirikiana na mtu anayeuza kitu kinachokaa jiko moja na chako, mathalani muuza mchele wa Kyela, mkatoa kapu moja la pamoja na kila mmoja akalitangaza kwenye ukurasa wake. Usishirikiane na muuza vipodozi kwa sababu tu ana wafuasi wengi.

Kwa wale elfu kadhaa ulionao, usifute akaunti wala usianze upya. Wanaojionyesha wazi kuwa hawakuhusu unaweza kuwaondoa mmoja mmoja kwenye orodha ya wafuasi bila wao kuarifiwa. Wengine mfumo utawaacha nyuma wenyewe, kadiri wanunuzi wako halisi watakavyozidi kujibu. Ukifanya droo nyingine, subiri mwezi upite kabla ya kuipima, kisha uulize kitu kimoja tu: kati ya waliokuja wiki ile, wangapi wameshatuma oda?

Mhariri, nina duka la viatu vya mtumba na nilitoa jozi tano kwenye Facebook na Instagram. Nilipotangaza washindi, watu wakadai nimewapa shemeji zangu. Isitoshe, mtu alifungua akaunti yenye jina na picha kama zangu, akawaandikia washiriki kwamba wameshinda na watume elfu tano ya usafiri. Wawili walituma. Nifanyeje nisirudie aibu hii? – Muuza viatu, Mwanza

Pole sana, ndugu yangu. Tuanze na utapeli, maana unawagusa watu waliokuamini. Nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» haipaswi kushangazwa na akaunti bandia, na tapeli hupenda droo kwa sababu mwenye duka ameshamkusanyia orodha ya watu wenye matumaini, majina yao yakiwa wazi kwenye maoni. Huwezi kumzuia asifungue akaunti, lakini unaweza kumkata makali mapema kwa kuandika ndani ya tangazo lenyewe, si siku mambo yameharibika, kwamba mshindi halipi chochote, nauli ya mzigo ni juu ya duka, jina la akaunti pekee litakalowasiliana naye ni hili, na washindi watatangazwa kwenye ukurasa kabla ya mtu yeyote kuandikiwa. Akaunti bandia ikijitokeza, iripoti kama inayojifanya wewe, waombe wateja nao wairipoti, na weka picha yake kwenye stori ukiwaonya watu.

Kuhusu lawama za shemeji, dawa yake ni masharti yaliyoandikwa kabla. Tangazo lako lieleze droo inafungwa siku gani na saa ngapi, nani haruhusiwi (waweke ndugu na wafanyakazi wako hapo, hata kama itawauma), mtu mmoja anaruhusiwa kushiriki mara ngapi, mshindi atapatikana vipi, na asipojitokeza ndani ya muda fulani zawadi inakwenda kwa nani. Andika pia ukubwa wa viatu. Mshindi wa namba 45 aliyepelekewa namba 39 hana sababu ya kukusifu. Uchaguzi wenyewe ufanye kwa matangazo mubashara, au rekodi skrini tangu unapoingiza majina hadi jina linapotoka, bila kukata, na rekodi hiyo iache ukurasani.

Kuna kanuni za mitandao ambazo wengi hawajawahi kuzisoma. Facebook hairuhusu kumtaka mtu ashirikishe posti kwenye ukurasa wake binafsi au atagi marafiki ili aingie kwenye droo, ingawa ukipita huko utadhani imeruhusiwa kwa jinsi inavyofanywa. Instagram inakataza kuwahimiza watu wajitagi kwenye picha ambayo hawamo. Mitandao yote miwili inakutaka uweke masharti ya ushiriki na kueleza kwamba droo hiyo haidhaminiwi wala haiendeshwi na mtandao wenyewe. Sentensi moja chini ya tangazo inatosha.

Tukija kwenye sheria za nchi, kamwe usitoze ada ya kushiriki, wala usiseme «nunua jozi moja uingie kwenye droo» kabla hujaiuliza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo kwa Sheria ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia bahati nasibu nchini. Hii ndiyo sababu kwenye droo za makampuni makubwa huwa unamwona afisa wa Bodi amesimama kando. Namba za simu za washiriki nazo zipokee kwa ujumbe wa faragha, si kwenye maoni, uzitumie kupeleka zawadi tu na uzifute kazi ikiisha. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na namba uliyopewa kwa ajili ya kupelekewa viatu hukupewa kwa ajili ya kutumiwa matangazo kila Ijumaa.

Wale wawili waliotapeliwa hukuwaibia wewe. Hata hivyo, ningekuwa na duka hilo ningewapelekea viatu.

Ninaoka keki za harusi na za siku ya kuzaliwa. Wengine wananiambia niposti mara tatu kwa siku, wengine wananiambia saa moja jioni ndiyo saa ya bahati. Nimejaribu nikachoka, na bando linakwisha. Mazoea mazuri ya kuposti ni yapi hasa? – Mwoka keki, Mombasa

Mazoea mazuri ni yale utakayoweza kuyashika hata wiki ile yenye harusi nne. Kama uwezo wako ni posti tatu kwa wiki, weka tatu, kila wiki, kwa sababu mteja anayekuta posti ya mwisho ni ya miezi miwili iliyopita haulizi kama umesafiri, anadhani umefunga. Tenga alasiri moja isiyo na oda, piga picha na video za kutosha wiki nzima karibu na dirisha, kisha ziweke kidogo kidogo. Saa ya bahati haipo kwa watu wote. Geuza akaunti iwe ya biashara, jambo lisilo na malipo, na itakuonyesha wafuasi wako wako mtandaoni siku gani na saa ngapi. Huenda wako ni kina mama wanaofungua simu watoto wakishalala.

Nililoliona kwenye ukurasa wako linanitia hofu kuliko saa. Chini ya picha nzuri kabisa ya keki ya ghorofa mbili umeandika: «Order yako leo. Bei inboksi.» Huu ni ugonjwa wa pwani nzima na bara pia, na sijawahi kuelewa aliyeuleta. Anayeona haya kuuliza bei, na wapo wengi, anapita. Anayeuliza anasubiri saa tano. Nawe unajibu swali lilelile mara 40. Linganisha na maneno haya: «Keki ya vanila ya kilo mbili, krimu ya siagi, inatosha wageni 20. Sh 3,500. Oda siku tatu kabla. Napeleka Nyali, Bamburi na Likoni.» Mtu mwenye shughuli Jumamosi anaweza kuituma posti hiyo kwa dada yake bila kuongeza neno, na kutumiana huko ndiko kunakoifikisha posti kwa watu wasiokufuata. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, amesema hadharani kwamba kiasi ambacho watu wanatumiana posti ni miongoni mwa vigezo vizito kuliko vyote katika kuwafikia watu wapya.

Katika video fupi, anza na kisu kinapokata keki, si na nembo yako. Salamu na utangulizi vinaweza kungoja. Keki iliyopasuka katikati na jinsi ulivyoiokoa kwa krimu itatazamwa kuliko keki kumi kamilifu. Na ukishaposti, usizime simu: kaa kidogo ujibu maoni kwa jina la mtu na kwa sentensi kamili, badala ya kumrushia kila mmoja kopa jekundu.

Zawadi? Toa mara mbili kwa mwaka, keki ndogo, kwa mtu anayefikika Mombasa. Keki haisafiri kwa basi hadi Kisumu, kwa hiyo liseme hilo mapema.

Kuna jamaa anauza wafuasi 10,000 kwa bei ya chakula cha mchana. Ameniomba nywila yangu ili aanze kazi na nimempa. Je, ni salama? – Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Si salama. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa mkupuo, na Justin Bieber peke yake akapoteza wafuasi zaidi ya milioni tatu. Tangu Novemba 2018 kampuni hiyo imetangaza kwamba inaondoa pia laiki na maoni yanayozalishwa na programu za namna hiyo. Utakacholipia kitafutwa, na kabla hakijafutwa kitakuletea ukimya uleule anaoulalamikia dada wa Tanga hapo juu. Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa hivi badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, ingia kwenye mipangilio uitoe kila simu usiyoitambua, na ikiwa nywila hiyohiyo unaitumia kwenye barua pepe, anza na barua pepe.