Kipepeo cha bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: anayetafuta moksha, ukombozi wa roho, ashike bhakti, njia ya kumpenda Mungu, au jnana, njia ya kumjua? Unasema umemsoma Shankara, yule mwalimu wa jnana, mwezi mzima, na sasa kuimba mbele ya sanamu unakuona mchezo wa watoto.

Siku tatu nimekaa na barua yako. Kila nikishika kalamu namwona bibi yako na kipepeo chake cha ukindu.

Lalji wetu unamjua, sanamu ya shaba ya Mungu wetu Krishna akiwa mchanga, anatambaa na donge la siagi mkononi. Katika nyumba ile ya Mombasa bibi yako alimwogesha kila asubuhi, akamvisha, akampa maziwa sisi hatujaonja chai. Januari moja, joto la kaskazi limepamba moto na umeme umekatika, aliketi sakafuni akimpepea kwa kipepeo cha ukindu. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka chuoni na Shankara wangu kwapani. Nikamwambia mama yangu mbele ya wageni, "Ba, Brahman, Mungu mwenyewe, hana umbo wala hasikii joto. Hiyo ni shaba." Wageni wakacheka. Bibi yako hakunijibu. Alinitazama, akaona jasho linavyonitiririka, akageuza mkono, akaanza kunipepea mimi.

Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka.

Ndiyo maana nasema, na umenisikia mara nyingi: moyo utangulie, kichwa kifuate. Swali lako Arjuna, yule shujaa rafiki wa Krishna, aliliuliza zamani, mwanzoni mwa sura ya 12 ya Gita, kitabu chetu kitakatifu. Krishna akamjibu kwamba wanaomwabudu kwa mapenzi ndio walioungana naye zaidi. Wanaomtafuta asiye na umbo nao humfikia, ila taabu yao ni kubwa kwa kuwa wana miili. Hapo soma polepole. Hakusema wamepotea.

Na hapo hapo najipinga. Katika sura ya 7 anawataja wanaomwendea wa aina nne, na mwenye maarifa ndiye kipenzi chake. Tena nimewaona watu wakiimba bhajan, nyimbo za ibada, hadi machozi yawatoke, kisha wanatoka nje wanamtukana mfagiaji. Hao Shankara angewafaa sana: kama Nafsi ni moja ndani ya wote, unamtukana nani? Kwa hiyo sikwambii uache vitabu. Lakini moyo utangulie, mwanangu.

Kila Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, bibi yako alitusimulia habari za Uddhava, yule msomi ambaye Krishna alimtuma Vrindavan akawafariji wachungaji wa kike kwa mafundisho ya jnana. Alipoyaona mapenzi yao, akaishia kuomba azaliwe kichaka au mmea wowote pale pale, vumbi la miguu yao limguse. Nilikuwa nikiisikiliza kama hadithi ya mtu mwingine.

Najua unataka nikate shauri. Ulimi unaniwasha kulikata, lakini Ba hakunikatia mimi, basi nami nitajizuia, ingawa kwa shida.

Kipepeo kile ninacho. Ukingo wake mmoja umeungua kwa moto wa diya, taa ya ibada. Janmashtami njoo nyumbani, na Shankara wako umlete. Utanisomea kwa sauti, mimi nitakuwa nampepea Lalji, na umeme ukikatika nitakupepea na wewe.

Baba yako