Bafu lisilo na kizingiti kwenye nyumba ya mawe Amu (Lamu): anza na sakafu, vioo baadaye

Waaleikum salaam dadangu. Umeuliza kama yawezekana kuvunja bafu la orofani, hapo Mkomani, uondoe kizingiti mamako awe anaingia na fimbo yake bila kuinua mguu, na pia kama uweke kioo cha kukinga maji ya shawa. Kufanyika kwafanyika, sisi tumemfanyia bi mkubwa wetu hapa Langoni, lakini tulimfanyia chini na si juu, na ningekuwa wewe ningemhamishia chumba chini pia.

Maana bafu la sakafu sawa lataka maji yashuke, na yakishashuka bomba na trapu (lile pindo la bomba lishikalo maji harufu isirudi) vyataka pa kukaa. Chini unachimba, basi. Juu utachimba wapi? Zile ni boriti za mkoko na juu yake mawe na chokaa, huwezi kukata boriti upitishe bomba, kwa hivyo fundi atainua sakafu nzima, na hapo kile kizingiti ulichokikimbia kinarudi palepale mlangoni, labda utengeze mteremko wa kupandia na chumba chenyewe chembamba. Halafu wazee wetu walioga kwa kata kutoka kwenye birika, maji kiasi, ila shawa yamwaga lita nane, kumi kwa dakika, na yakipenya hutayaona mpaka boriti zishaoza.

Kama hakuna budi iwe juu, mwambie fundi aitengeze kama paa. Wotaprufu, ile dawa ya kuzuia maji, apake sakafu nzima, ipande ukutani, upande wa shawa ipite kichwa, na kwenye pembe alaze kile kitambaa chake maana pembeni ndipo papasukapo. Kisha azibe tundu, ajaze maji vidole viwili, yalale mpaka kesho yake, ndio aguse tailizi. Mafundi wengine watakwambia tailizi na groti, ule ujazo wa katikati yake, zazuia maji. Hazizuii.

Slopu ni sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, kuelekea tundu, na tundu likae mbali na mlango. Simama hapo na pimamaji mkononi usione haya, fundi wa kwetu alikuwa ameshalaza safu mbili za tailizi zikirudisha maji mlangoni, akang'oa kwa kununa lakini aling'oa.

Tailizi usichukue za kung'ara, chukua ndogondogo zenye groti nyingi, au jiwe la galana la Malindi, mguu unashika. Ukuta usio wa shawa uache na chokaa, ukipiga simiti juu ya mawe yetu chumvi na unyevu vinakwama ndani halafu plasta yabambuka. Mchanga usikubali wa ufuoni hata punda akiuleta mpaka mlangoni kwa bei ya chini.

Chuma cha kushikilia ndicho kitu cha maana kuliko vyote kwa mama. Mawe ya matumbawe ni laini, skrubu na plagi yatoka na uzito wa mtu, sisi tulipitisha bolti mpaka upande wa pili tukabana na bamba. Na ulizia stenlesi 316, hii ya kawaida 304 yaota kutu kwa hewa yetu ya bahari.

Kioo sikipendi. Maji ya kisima ya chumvichumvi yataacha madoa meupe utakuwa wapangusa kila siku, jenga ukuta wa kimo cha kifua yatosha.

Choo cha kukaa kikiwa humo humo, sema mapema kabla bomba halijalazwa: kibla kwetu ni kaskazini na chooni hakielekewi wala hakipewi mgongo, kwa hivyo kitazame mashariki au magharibi, na shatafu iwe mkono wa kulia wa mama.

Na kwa vile ni mji wa kale, pita kwanza ofisi ya makumbusho kabla hujavunja chochote. Kisha niwekee hapa upana wa chumba cha chini na maji machafu yanatokea upande gani.