Kabla hamjaenda kuvua Rubondo na washkaji, someni hii kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja kanitumia meseji, anasema wako saba, wafanyakazi wa sehemu moja, wanataka kwenda kisiwa cha Rubondo, kule Ziwa Victoria, kuvua sangara. Ameiona ile picha yangu na samaki kwa hiyo anaomba maelekezo mafupi tu, boti inapatikanaje na wabebe nini. Nikaanza kumjibu kwenye simu, nikaandika wee mpaka chai ikapoa, mwisho nikafuta yote. Nimeona bora niandike hapa na wengine msome, sababu swali la boti ni dogo sana. Boti inapatikana. Kilichonigharimu mimi hakikuwa boti.

Tulikuwa na gurupu la WhatsApp la watu 11. Toka 2023 tunaiongelea hii safari, kila mtu "mimi nipo", "niandikeni wa kwanza", mtu anatuma video za watu wanavuta samaki mkubwa kama mtoto wa darasa la nne. Mimi ndio nikajitwika kazi ya kupanga. Nikapiga simu, nikapiga hesabu, ikaja laki tisa kila mtu kwa siku tatu, hapo kuna usafiri, loji, vibali, boti na mafuta yake. Nikaweka tarehe ya mwisho ya kulipa. Tarehe ikafika wamelipa wawili. Nikasogeza mbele wiki mbili, tukawa wanne na mimi ndani yake. Wengine simu hazipokelewi, mwingine gari imekufa, mwingine akaniambia kabisa alijua tunapiga stori tu. Sikatai watu wana shida, mimi mwenyewe nina shida, ila sema mapema kaka, sema mapema mtu ajipange.

Wa tano ni rafiki yangu wa toka kidato cha kwanza, ndiye aliyenisimamia kwenye harusi yangu. Yeye akaniambia "we nilipie kwanza, nakupa tukifika Mwanza". Nikamlipia. Hapo ndio nilikosea na naandika wazi kwamba nilikosea, sababu nilijua hali yake, nilijua biashara yake imeyumba, na badala ya kukaa naye chini tuongee kama ndugu nikachukua njia rahisi ya kutoa hela alafu nikaanza kusubiri. Ukishaanza kusubiri hela ya rafiki yako humuangalii tena kama zamani. Akiagiza soda unahesabu.

Na Rubondo sio sehemu ya kwenda na hela za mkononi mkasema tutajuana huko huko. Ni hifadhi ya taifa toka 1977, malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yanaenda kwa namba ya malipo, kiingilio kinahesabiwa kwa masaa 24, na kibali cha kuvua ni kitu tofauti na kiingilio, usije ukadhani ukishaingia ndio ruhusa ya kutupa ndoana. Mkichelewa njiani masaa yanakula kwenu. Kwa hiyo hela yote iwe imekusanywa kabla hujapiga simu ya kuweka nafasi, na asiyelipa jina litoke, hata kama ni nani.

Safari yenyewe kutoka Mwanza ni nzuri siku hizi. Ilikuwa Septemba 2025, tukapita kwenye daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni mwaka huo, kama kilomita 3 juu ya maji, zamani hapo ulikuwa unakaa foleni ya kivuko mpaka unasinzia. Sengerema, Geita, Chato, tukafika Muganza tukashuka Kasenda kwenye boti. Kutoka hapo kisiwani ni kama nusu saa tu.

Nisiwachoshe na barabara. Kisiwa chenyewe ndio nataka niwaambie. Ni msitu mpaka kwenye ukingo wa maji, hamna kijiji, hamna pikipiki, usiku unasikia viboko wanatoka kula majani pembeni ya chumba unacholala. Kuna nzohe, yule swala wa kwenye mabwawa mwenye kwato ndefu, asubuhi wanatembea kwenye matete bila wasiwasi sababu hamna simba wala chui. Kuna sokwe, hawa walianza na wale 17 walioletwa miaka ya 1966 mpaka 1969 kutoka kwenye zuu za Ulaya, wakazaliana msituni, sisi hatukuwaona ila tuliwasikia. Netiweki inakuja na kuondoka. Jioni ya kwanza tulikaa wote watano nje tunaangalia maji mpaka giza likaingia na hakuna aliyeshika simu, na rafiki yangu akasema "hii tulitakiwa kuja tukiwa na miaka ishirini". Nilifurahi sana siku ile. Nilisahau habari ya hela kabisa.

Siku ya pili ndio ya kuvua. Mzee wa boti ni mtu wa maneno machache, amevua ziwa hili toka mtoto. Alitufundisha kukokota chambo bandia, kile cha umbo la samaki mdogo, nyuma ya boti, mwendo kama wa mtu anayetembea kwa haraka, tunapita jirani na miamba inayoingia majini sababu sangara anavizia pale. Mshipi uwe mzito, na kile kipande cha mwisho kinachofunga chambo kiwe kizito zaidi, maana mdomo wa sangara ni kama msasa na mfuniko wa shavu lake unakata. Breki ya rili, kile cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, usiifunge mpaka mwisho, theluthi moja ya nguvu ya mshipi inatosha, ukikaza unakatiwa. Haya nimeyaandika haraka lakini ndio yaliyonipa samaki.

Masaa matatu hamna kitu. Alafu kama saa tano asubuhi fimbo yangu ikapinda mpaka ncha ikagusa maji, rili ikapiga kelele, nikasimama. Yule samaki alikimbia, akatulia, nikadhani ameshachoka, akaruka juu mdomo wazi anatikisa kichwa, mzee anasema "legeza, legeza mwanangu, mwachie", mikono inatetemeka, na rafiki yangu amenishika mkanda wa suruali kwa nyuma nisidondoke. Dakika kama ishirini hivi. Tukampima kwa futi kamba, sentimita 128, mzee akakadiria kilo 30. Sijawahi kushika kitu kama kile maishani mwangu na mpaka leo nikikumbuka napata joto kifuani. Ile picha yangu na samaki aliipiga yeye, rafiki yangu, kwa simu yangu iliyolowa.

Tulimrudisha. Najua kuna watu watashangaa, kilo 30 na bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, unalijua bei yake, ila mzee alituambia hawa wakubwa karibu wote ni majike, wanabeba mamilioni ya mayai, na maji ya Rubondo ni sehemu wanazozaliana. Sangara mwenyewe ni mgeni Ziwa Victoria, aliletwa miaka ya 1950 na 1960 akamaliza furu wengi sana, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, hilo nalijua. Lakini leo ndiye anayelisha nyumba za wavuvi. Ukitaka kumrudisha fanya haraka, ni samaki anayetaka hewa nyingi, ukimweka juani unapiga picha kumi umeshamuua.

Mpaka jioni wengine watatu nao walipata, wadogo wadogo lakini walipata. Rafiki yangu tu ndio hakupata. Hakusema kitu, alikula akalala.

Siku ya tatu tulipanga kutoka alfajiri. Mzee akasimama ufukweni anaangalia upande wa ziwa, kule kulikuwa na wingu jeusi limekaa chini na linamulika ndani, akasema tusubiri mpaka saa nne. Hili nataka mlielewe vizuri. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba karibu 68,800. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote unaelekea ziwani, unakutana kule katikati, ndio maana dhoruba nyingi za ziwa hili zinapiga usiku na alfajiri. Na kwa ukubwa wake ziwa sio refu kwenda chini, penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80, kwa hiyo wimbi lake ni fupi na limesimama, linakuja moja juu ya jingine boti haipati nafasi ya kupumua. Wavuvi wanakufa kila mwaka kwa hili. Mzee hakuhitaji haya maelezo yote, aliangalia tu wingu.

Rafiki yangu akasema hapana, saa nne masaa yetu ya hifadhi yanakaribia kuisha, "tumelipia hii boti". Akasema hivyo. Tumelipia. Nilisikia moto tumboni lakini nikanyamaza, na kibaya zaidi, mimi mwenyewe nilikuwa nataka samaki mwingine mkubwa kuliko wa jana. Kwa hiyo mimi kiongozi wa safari nikamwambia mzee, "twende nusu saa tu hapo karibu, likija tunarudi". Mzee aliniangalia, akavaa boya lake, akahakikisha kila mmoja amefunga la kwake, akawasha injini. Ile namna alivyoniangalia naiona mpaka leo.

Lilitukuta hatujafika hata kwenye miamba ya jana. Kwanza upepo wa baridi, alafu mvua ya pembeni, alafu huoni kisiwa. Maji yanaingia kwa juu, mmoja wetu anatapika, wawili tunachota na makopo, mzee ameikazania injini anaielekeza kwenye wimbi hasemi neno. Injini ikakohoa mara mbili. Mimi nilikuwa nawaza mwanangu wa miaka minne. Sijui tulikaa humo muda gani, saa moja pengine, mpaka tukaona mchanga.

Tukashuka tumelowa, tunatetemeka, na badala ya kumshukuru Mungu na kumuomba mzee msamaha, mimi nikamgeukia rafiki yangu, mbele ya wote, nikamwambia, "unaongea tumelipia, wewe umelipia nini? Hata shilingi yako haipo hapa."

Kukawa kimya. Hakujibu. Aliokota begi lake akaenda chumbani. Kurudi Mwanza alikaa siti ya mbele hakugeuka, tulipofika stendi akapanda basi lake peke yake. Miaka ishirini na kitu ya urafiki.

Wiki mbili baadae simu ikaita ujumbe wa M-Pesa. Laki tisa kamili, na ya kutolea juu. Hakuandika chochote. Siku hiyo hiyo akatoka kwenye gurupu.

Kwa hiyo dada, na nyie wote mnaopanga safari, nawaambia kama mtu aliyeungua. Hela kwanza. Msikusanye ahadi, kusanyeni hela, na asiyekuwa nayo aambiwe kwa upole na mapema, akiwa peke yake na wewe, kwamba safari hii imempita au sisi tunamchangia. Ukiamua kumchangia mchangie, iite zawadi, uisahau. Usimkopeshe rafiki safari. Nasema tena usimkopeshe, sababu deni unaenda nalo mpaka kwenye boti, linakaa katikati yenu, na siku ya hasira ndio linafungua mdomo. Na kama unadai, dai mkiwa wawili tu. Mwanaume umemvua nguo mbele ya wenzake utamvisha na nini?

Na la pili, mwenye boti akisema hatutoki, hatutoki. Usimbembeleze. Yule anakula kwa hela yako, ukimbembeleza sana ataenda na nyie, na akifa kafa kwa aibu ya kukukatalia. Kiongozi wa safari kazi yake ni moja tu asubuhi ile, kusimama upande wa mzee. Mimi nilisimama upande wa samaki. Mengine ni madogo, dawa ya mbu mbebe, nguo za mikono mirefu, maboya myajaribu yakiwa nchi kavu, msitembee kwenye maji ya matete pembeni kuna mamba na kichocho pia. Na watu wawe wachache. Watano ni wengi, saba dada yangu ni wengi mno, tafuteni boti mbili.

Kuhusu mzee, nilimpigia simu wiki iliyofuata nikamuomba radhi. Akasema "yameisha mwanangu, mje tena, ila mje kusikiliza". Tumepanga Juni hii, watatu, na wote wameshalipa.

Rafiki yangu aliacha fimbo yake kwenye gari langu siku ile tunatoka Muganza. Ni fimbo nzuri, alinunua ya mkono wa pili kwa ajili ya safari ile. Nimempigia mara nne toka mwaka huu uanze. Juzi Jumapili niliifungua rili yake, ilikuwa imeanza kushika kutu kwa ndani, nikaisafisha, nikaipaka grisi, nikaifunga mshipi mpya.