Mnaotaka kuanza kublogu hapa Uganda, tuongee pesa kwanza

Vijana wa Kampala mnaniuliza sana eti kublogu kunalipa? Kunalipa, ila si kwa mlango mnaoukimbilia. Wengi mnawaza matangazo ya Google tu. Sawa, AdSense (ndio huo mpango wa Google wa kukulipa kwa matangazo) ipo tangu 2003 na kuna watu inawalisha, lakini hulipwi mpaka ufikishe dola 100, na ukigusa dola 10 wanakutumia namba ya siri ya kuhakiki anwani yako kwa barua, barua ya karatasi kabisa, sasa wewe unakaa Kawempe huna hata S.L.P. itakufikia wapi? Omba kutumia sanduku la mjomba au la ofisi mapema. Na blogu ya Kiswahili yenye wasomaji wachache hizo dola 100 zinachelewa kweli kweli.

Pesa ya karibu iko kwa wateja. Mwenye gesti au muuza spea anasoma unavyoandika, anakuita umwandikie kurasa zake na kumpigia picha. Chukua nusu kabla hujaanza, kwa mobile money, usione haya. Kuna bosi mmoja mpaka leo ananiambia "kesho nakutumia".

Halafu uandike nini? Jamani acheni umbea wa mastaa, huko kumejaa. Msomaji wa Kiswahili hapa kwetu ni dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni mpakani Malaba, ni mama wa Bukoba anayevuka mpaka wa Mutukula kuja kununua mzigo kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo, Kampala. Anatafuta vitu vidogo vidogo, basi linashusha wapi, gesti gani ni salama, marobota ya mitumba soko la Owino yanaendaje. Basi amka, nenda Owino asubuhi marobota yakifunguliwa, uliza bei kwa wauzaji watatu siyo mmoja (wa kwanza anakuangalia viatu ndio anataja), piga picha, na juu kabisa ya makala uandike tarehe. Hiyo tarehe ndio kazi yenyewe, maana mtu akipanda basi usiku kucha kwa bei uliyomwandikia akakuta imepanda na hujasema ni ya lini, huyo umempoteza na atawaambia wenzake. Rudi urekebishe makala ile ile, usiandike mpya kila mara.

Mambo ya serikali msiyapuuze. UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, tangu 2018 inataka wanaochapisha mtandaoni wajisajili, kwa hiyo ulizia ofisini kwao ada ya sasa, usisikilize ya vijiweni. Na sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ilikazwa 2022, kwa hiyo ukitaka kumtaja mtu kwa ubaya uwe na ushahidi mkononi.

Wengine mnasema blogu ya nini, nina peji ya Facebook. Januari 2021 Facebook ilifungwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, intaneti yenyewe ikazimwa siku kadhaa, na intaneti iliporudi Facebook haikurudi, watu wakabaki kuhangaika na VPN, zile programu za kuingia mtandao uliofungwa. Waliokuwa na tovuti yao na imeli za wasomaji waliendelea. Ila domeni, yaani anwani ya tovuti yako, uisajili kwa jina lako na imeli yako, si ya fundi aliyekutengenezea, maana fundi akibadilisha laini ya simu na malipo ya mwaka yakifika, utamtafuta wapi?