Maswali Yenu: Kilomita 9 za Msituni, Mbona Tulitoka Gizani?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaopenda njia za mlimani zisizo na watu: msitu mnene, mwinuko wa wastani, ukimya. Ukimya una gharama yake. Ukiumia au ukipotea mahali ambapo huenda hapiti mtu hadi kesho, msaada wa kwanza ni ule uliojiandalia mwenyewe, na majibu yetu yameandikwa kwa kuzingatia hilo.

Ndugu mhariri, tulikuwa watatu. Bango mwanzoni mwa njia lilisema kilomita 9 kwenda na kurudi, kupanda mita 750, ugumu wa wastani. Barabarani natembea kilomita 5 kwa saa bila kuchoka, nikakadiria saa mbili, tatu zikizidi. Tulianza saa 5 asubuhi, kileleni tukakaa saa moja na robo, tukatoka msituni karibu saa 12 jioni tukipapasa. Wenye kasoro ni sisi au bango?
*Mwenye Tochi ya Simu*

Bango lilisema kweli, na miguu yenu haina neno. Mlikosea kusoma kilomita mkaacha mita. Mlimani umbali ni nusu tu ya habari, nusu ya pili ni kiasi cha kupanda.

Kanuni inayotumika hadi leo ilitolewa mwaka 1892 na mpanda milima Mskoti, William Naismith. Kwa vipimo vya sasa huenda hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenu, kilomita 9 ni dakika 108 na mita 750 ni dakika 75, jumla dakika 183. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mkakamavu kwenye ardhi isiyomsumbua. Msituni kuna mizizi, tope na miti iliyoanguka ya kuruka au kuzunguka, kwa hiyo ongeza nusu ya muda huo, dakika 90 hivi. Mteremko mkali, ambao wengi hudhani unaokoa muda, hula dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Tuseme mita 450 za njia yenu zilikuwa kali: dakika 15. Mapumziko ya dakika 10 kila saa yanakaribia dakika 45. Hapo mmeshatumia saa 5 na nusu na chakula hakijafunguliwa. Wekeni saa moja na robo ya kileleni, mnapata saa 7 kasoro. Ndizo hasa mlizotumia.

Safari ijayo anzeni hesabu mwishoni. Angalieni jua linazama saa ngapi siku hiyo, mtoe saa moja na nusu, maana chini ya miti mirefu giza huingia mapema, hasa upande wa mlima uliokwishakingwa na jua. Mkitaka kuwa nje saa 11 jioni, na kushuka kunahitaji saa 2 na nusu, basi saa 8 na nusu mchana mnageuka, popote mlipo. Kilele kikiwa mbele hatua mia mbili? Mnageuka. Saa hiyo ikubaliwe na wote kabla ya kuanza, kwa sababu kule juu hakuna anayependa kuwa mtu wa kwanza kuitaja.

Mwendo wa kundi ni mwendo wa anayetembea polepole kuliko wote. Mwekeni wa pili kutoka mbele; akiachwa nyuma atakuwa kila mara anafika mnapomaliza kupumzika, mnaondoka naye hajapata pumzi. Na kila mtu awe na tochi yake ya kichwani. Tochi ya simu hukunyima mkono mmoja wakati ambao mikono yote miwili ina kazi, na humaliza chaji ya chombo pekee cha kuitia msaada.

Kupanda sina shida. Kushuka ndiko kunanimaliza: magoti yanauma, mapaja yanatetemeka, mara mbili nimeteleza nikakaa chini. Nina miaka 46 na daktari hakuona ugonjwa wowote. Nifanyeje?
*Magoti Yanalia*

Wakati wa kupanda misuli ya paja hujikunja ikikusukuma. Wakati wa kushuka hurefuka huku ikikaza, inafanya kazi ya breki, na kazi hiyo huijeruhi zaidi. Ndiyo sababu maumivu makali huja siku ya pili. Paja likichoka, goti hupokea kishindo ambacho paja lilipaswa kukimeza.

Tazama mguu wako unavyotua. Anayeogopa mteremko huegemea nyuma, ananyoosha mguu mbele na kutua kwa kisigino goti likiwa limenyooka. Hapo kishindo chote hupanda hadi gotini, na kwa kuwa uzito uko nyuma ya mguu, soli huponyoka. Fanya kinyume: hatua fupi, hata nusu ya ile ya kawaida, goti limekunjwa kidogo, mguu utue chini ya kiwiliwili na soli yote iguse ardhi. Panapokuwa pakali na njia ni pana, shuka kwa kukata kushoto na kulia.

Fimbo mbili za kutembelea zitakusaidia kuliko kitambaa cha kubana goti. Kwenye tambarare urefu sahihi ni ule unaofanya kiwiko kiwe pembe mraba ncha ikigusa ardhi. Ukianza kushuka refusha kwa sentimita 5 hadi 10. Mkono upite kwenye mkanda wa fimbo kutoka chini kwenda juu, ndipo ushike mpini, ili uzito uegemee mkanda na vidole visichoke. Fimbo itangulie, mguu ufuate. Ukivuka kijito au ukipanda mawe kwa mikono, toa mikanda, kwani fimbo ikinasa nawe umefungwa nayo utavunjika kifundo cha mkono.

Kuhusu kuteleza: kosa la msituni karibu kila mara ni mzizi. Mbaya kuliko yote ni ule uliochubuliwa gome na miguu ya watu, unaong'aa kwa unyevu na kulala ukielekea bondeni. Huo usiukanyage hata kwa nusu ya soli. Weka mguu kwenye udongo kati ya mizizi, au nyuma ya mzizi unaokatiza njia, ambao utakuzuia kama kizingiti. Rundo la majani makavu lipime kwa fimbo kwanza, chini yake huenda kuna jiwe la mviringo au shimo. Gogo bichi la ukoga livuke, ukilipanda utateleza. Tena chungulia upande wa pili kabla ya kushusha mguu, maana nyoka hupenda kujikinga hapo.

Mazoezi: simama kwenye kidato cha sentimita 20, shusha kisigino cha mguu mmoja hadi kiguse sakafu huku ukihesabu hadi tatu, rudi juu. Mara 10 kila mguu, raundi 3, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 6 kabla ya safari. Goti likivimba au likikwama lisinyooke, rudi kwa daktari. "Mwenda pole hajikwai" ni kweli kwa mwenye miguu iliyopumzika. Anayejikwaa saa 10 jioni mara nyingi ni mwenda pole aliyechoka, kwa hiyo pumzika kabla ya mteremko, usisubiri uumie katikati yake.

Kucha za vidole gumba vya miguu zimekuwa nyeusi baada ya safari moja. Viatu ni namba yangu kabisa. Ninunue vingine?
*Kucha Nyeusi*

Huenda tatizo ni hilo "kabisa". Wakati wa kushuka mguu huserereka mbele na kucha hugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara. Vaa kiatu bila kufunga kamba, sukuma vidole hadi mbele: nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kiingie. Kisipoingia, ongeza namba. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi za safari.

Kikiingia, kosa liko kwenye kamba. Kabla ya kuanza kushuka simama uzifunge upya. Juu ya vidole ziache zilegee. Pale mguu unapokunjika na kuanza kupanda, zungusha kamba mbili mara mbili badala ya moja, uvute hadi kisigino kikae nyuma. Ule mzunguko wa ziada hushikilia hata ukiuachia. Endelea juu kama kawaida. Kucha zikate siku mbili kabla, siyo asubuhi ile. Na ukihisi mahali pamoto mguuni, hilo ni lengelenge linaanza: simama hapo hapo, kausha, bandika plasta laini bila mikunjo. Ukisema "tukifika juu nitaangalia" utakuta limeshapasuka.

Njia tunayoipenda ina alama chache, na msimu wa majani kuanguka haionekani kabisa. Simu hushika mtandao mara moja moja. Nitajuaje nimeshaiacha, na nikipotea nifanye nini?
*Mpenda Ukimya*

Anza na macho. Njia ya watu hufyekwa hadi kimo cha kichwa, na magogo yaliyoiziba mara nyingi yana mikato ya msumeno. Njia ya wanyama huvutia vilevile, imekanyagwa vizuri, lakini baada ya hatua kadhaa hupita chini ya matawi ya usawa wa goti au kiuno. Ukijikuta unainama mara ya tatu mfululizo, umeshaingia barabara ya wanyama wenyewe.

Jiwekee mpaka wa dakika 5. Zikipita bila alama, mkato wala udongo ulioshindiliwa, simama. Rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika, siyo kwa kukisia njia ya mkato. Mkiwa wengi, mmoja abaki hapo na wengine watafute bila kutoka nje ya masafa ya sauti yake. Kwenye kila njia panda, unapopita geuka nyuma upige picha. Wakati wa kurudi utaiona njia kutoka upande huo, na haifanani kabisa na ulivyoiona ukienda.

Simu haihitaji mtandao ili ijue ilipo, huhitaji anga tu. Pakua ramani ukiwa nyumbani, washa hali ya ndege ili betri isiishe kwa kutafuta mnara, hakikisha kipokea setilaiti (GPS) bado kimewashwa. Chini ya majani mazito alama ya mahali ulipo inaweza kuyumba makumi ya mita, kwa hiyo usitumie simu kuchagua kati ya vijia viwili vilivyokaribiana. Hapo tazama ramani: mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, inasema unapaswa kupanda au kushuka? Mlima wenyewe utajibu.

Ukishapotea kweli, usifuate kijito bondeni. Ushauri huo umezoeleka, ila milimani maji hupita yanapoweza kupita yenyewe: korongo, maporomoko, mawe ya ukoga. Kaa mahali pamoja, vaa nguo zote ulizo nazo, keti juu ya mkoba usikae kwenye udongo wa baridi. Puliza filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Majibu yakija yatakuwa mlio wa mara 3 kwa dakika. Filimbi husikika mbali kuliko sauti yako na haipati ukavu wa koo.

Yote hayo yana maana ikiwa kuna mtu anayekutafuta. Mwachie mtu karatasi au ujumbe wenye mambo manne: jina la njia, mtaanzia wapi, mtarudi saa ngapi, na saa ya kuita waokoaji asipowasikia. Mkibadili njia asubuhi, mwambieni kabla ya kuanza.

Napanda nikitoa jasho jingi, nikifika juu natetemeka hata jua likiwaka. Ni homa?
*Jasho na Baridi*

Huenda ni fulana ya pamba. Pamba hunywa jasho na haikauki upesi, na maji hupokonya mwili joto haraka kuliko hewa. Kumbuka pia kwamba joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selsiasi kila mita 1,000 unazopanda, na upepo ambao miti ilikukinga nao unakusubiri pale msitu unapokwisha.

Anza safari ukiwa unahisi baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto la kukuridhisha, dakika 15 baadaye utaloa. Vua koti kabla jasho halijaja, vaa tena mara tu unaposimama. Fulana kavu ya sufu au nailoni ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ubadilishe kabla ya kutoka mitini. Mwenzako akitetemeka, akishindwa kufunga zipu na kuanza kuburura maneno, huo ni mwili unaopoteza joto: mkinge upepo, mvue vilivyoloa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Akiacha kutetemeka na bado ana baridi, hali imezidi, ita msaada.

Tubebe maji kiasi gani? Njiani kuna kijito safi sana.
*Mkoba Mzito*

Nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na kwenye joto kali hadi lita nzima. Kila lita ni kilo moja mgongoni, kwa hiyo kijito ni msaada mkubwa, lakini usafi wa macho hauonyeshi kilichokufa mita 200 juu yake. Chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika 1. Mkiwa juu ya mita 2,000 acheni dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufikia nyuzi 100. Vidonge vya klorini vinahitaji angalau dakika 30, na zaidi maji yakiwa baridi. Yakiwa na tope yachuje kwa kitambaa kwanza, la sivyo dawa itaishia kwenye tope. Na katika vijito vinavyopitiwa na mifugo chemsheni tu, vipo vijidudu vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviui.