Usiandike "mafunzo duni"

Wadogo zangu mnaoanza MMed, masomo ya kuwa daktari bingwa, kila rotesheni (ile miezi yenu ya mafunzo kwenye idara moja) ikiisha mtaletewa karatasi ya tathmini ambayo hakuna atakayewafundisha kuijaza. Inauliza usimamizi ulikuwaje, kama vipindi vilifanyika, kama mikono yako ilipata kazi. Mwaka wa kwanza niliijaza nimesimama koridoni, katibu wa idara ananisubiri, usingizi wa zamu bado umenikaa machoni. Nikatia tiki "nzuri sana" kuanzia juu mpaka chini. Mwaka wa pili, kwa hasira, nikaandika neno moja: duni.

Kwenye kikao mkuu wa idara akauliza, tena kwa upole, "Duni wapi?" Tulikuwa rezidenti wanne, yaani madaktari tunaosomea ubingwa. Wote tukaangalia viatu.

Usiku ule nikafungua logibuku, kile kitabu cha kuandikia kila upasuaji ulioingia. Miezi mitatu, mara 46. Mara 43 nilikuwa msaidizi: nashika ritrakta (chuma cha kuvuta kingo za jeraha ili libaki wazi), nakata nyuzi. Tatu tu ndizo nilizofanya mwenyewe bingwa akinisimamia, na zote ni ngiri zilizojinyonga, saa nane za usiku, kila mtu anataka kumaliza akalale. Ngiri za kawaida, zile za kujifunzia bila haraka, zilikuwa zikiahirishwa kila wiki kwa sababu kesi kubwa zinajaza orodha ya mchana. Hakuna aliyekuwa anatunyima. Ratiba ndiyo iliyotunyima, na hakuna aliyekuwa ameihesabu.

Hesabu za wenzangu hazikupishana sana na yangu. Tukaandika nusu ukurasa: idadi, siku, na ombi moja, kwamba asubuhi moja kwa wiki kesi mbili ndogo ziwe za rezidenti, bingwa anawe naye mikono na kusimama naye mezani. Aliyetuzidi umri ndiye aliyeipeleka. "Shikamoo Profesa, tuna ombi." Tukapewa Alhamisi.

Tulifanya hivyo rotesheni ikiwa katikati. Ukingoja mwisho, unamsafishia njia anayekufuata tu (si vibaya, lakini nawe umelipa ada).

Msichanganye kuchoka na kufundishwa vibaya. Rotesheni iliyonitesa kuliko zote ndiyo iliyonifunza, kwa sababu bingwa wake ukimpigia simu usiku anakuja. Nyingine ilikuwa laini kama likizo na sikutoka na kitu. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi ni hilo: ulipopiga simu, alikuja?

Kuhusu kutoandika jina: mkiwa wanne hakuna siri, hata mwandiko unakutaja. Uingereza, General Medical Council, baraza linalosimamia madaktari huko, huwauliza madaktari walio mafunzoni kila mwaka, na kundi lenye waliojibu chini ya watatu halitolewi matokeo yake, ili mtu asitambulike. Huko wanahesabiwa kwa maelfu. Kwetu kuna idara ambazo rezidenti wote wa mwaka mmoja wa masomo hawafiki hata hao watatu. Andikeni pamoja, na andikeni lile mnaloweza kulisema mbele ya mhusika bila kutetemeka.

Ila matusi, kushikwashikwa, au kuambiwa usaini kwamba bingwa alikuwepo thieta wakati hakuwepo, hayo si ya karatasi ile. Itapita mikono mingi kabla ya kufika inakotakiwa, na mmoja wa mikono hiyo unaweza kuwa wa mhusika. Andika tarehe na saa siku ileile, baki na nakala, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili ukiwa na mwenzako.

Alhamisi yetu ipo mpaka leo. Kuna wiki kesi kubwa huimeza, na rezidenti wa sasa hawajui ilitoka wapi. Juzi mmoja kanilalamikia kuwa siku moja haitoshi, wanataka mbili. Nikamwambia alete logibuku yake tuhesabu.